Mawe ya Chokaa Kwenye Kona

Kwa muda mrefu nimekuwa nikiipita ile kona bila kusimama, nikiuona kwa mbali tu msalaba mdogo wa mbao uliozungukwa na mawe yaliyopakwa chokaa. Juzi gari lilipata pancha hatua chache kutoka hapo, nikashuka huku nikilalamikia bahati yangu.

Nilimkuta mama mmoja amechuchumaa, akisugua kwa mswaki mkuukuu masizi ya magari yaliyogandia kwenye herufi za jina. Nilimwamkia, kisha nikamuuliza kama marehemu alikuwa ndugu yake.

"Hapana, mwanangu. Sikuwahi hata kumwona akiwa hai."

Akanieleza kwamba wazazi wa kijana huyo walihama, na tangu hapo majirani wamekuwa wakipokezana zamu: mmoja hung'oa magugu, mwingine hubadilisha maua, na mvua zikiisha chokaa hupakwa upya. Nilikumbuka baiskeli zilizopakwa rangi nyeupe, ambazo tangu zilipowekwa St. Louis, Marekani, mwaka 2003, zimeenea katika nchi nyingi kuonyesha mahali waendesha baiskeli walipofia. Umoja wa Mataifa nao umeitenga Jumapili ya tatu ya Novemba kwa ajili ya waathirika wa ajali za barabarani, ingawa mama huyu, nadhani, hangojei Novemba.

Nilipomaliza kufunga gurudumu, alinyoosha kopo la maua bila kusema neno, nikalijaza maji kutoka kwenye dumu langu.