Jinsi ninavyoidumisha salopeti yangu ya bwawani

Kwenye mabwawa ya samaki upande wa Nyangezi, kusini mwa Bukavu, salopeti za maji zinakufa haraka. Nasema zile nguo za mpira au plastiki zilizoshikana na buti na kufika mpaka kifuani. Mtu anainunua kabla ya mvua kuanza, na mvua zikiisha tayari inavuja. Yangu ninayo mwaka wa nne huu, na bado naingia nayo majini kuvuta wavu, kutoa tope na kung'oa magugu. Si ya bei kali. Ni ya plastiki ya PVC ya kawaida, nimeinunua Kadutu, mjini Bukavu. Majirani wananiuliza siri yake, na jibu langu ni lilelile: maji hayaiharibu. Kinachoiua kiko nchi kavu.

Cha kwanza ni kutembea. Wengi wanaivaa nyumbani, wanashuka nayo mpaka bondeni, wanapita kwenye mihogo na kwenye mawe, jioni wanapanda nayo mlima. Kila hatua mapaja yanasuguana, na tope lililokauka lina mchanga unaokwangua kama msasa. Ndiyo maana matundu ya mwanzo karibu yote hutokea ndani ya mapaja, kwenye mshono wa katikati, na pale buti inapokutana na mguu wa suruali. Mimi naibeba begani. Nikifika ukingoni natandika gunia, nasimama juu yake, ndipo naivaa. Kazi ikiisha naivulia palepale, naisuuza kwa maji ya mfereji, naibeba tena.

Cha pili ni mianzi. Mabwawa yetu mengi yana zizi la mboji kwenye kona, limezungushiwa vijiti vya mianzi, na samaki wanakula kinachotoka humo. Vijiti hivyo vilivyokatwa mshazari vina ncha kali, na vingi vimefichwa na maji. Nilikata vichwa vya mianzi yangu yote vikawa bapa, nikavifunika kwa vipande vya mpira wa ndani wa baiskeli. Ilikuwa kazi ya asubuhi moja tu, na ninaamini imeokoa salopeti kuliko gundi yoyote niliyowahi kununua.

Halafu kuna kuazimana. Mrefu akiivaa ya mfupi, kila akiinua mguu anavuta mshono wa katikati, na siku moja utaachia. Mfupi akiivaa ya mrefu, kitambaa kinajikunja nyuma ya magoti, palepale kila siku, mpaka kinapasuka. Yangu haivaliwi na mtu mwingine, hata ndugu. Nimelisema hilo waziwazi, na hakuna aliyekasirika.

Kwenye kuanika ndiko wengi wanapoteza mali yao. PVC ni plastiki ileile ya mabomba ya maji. Kwa asili yake ni ngumu. Kiwandani wanaichanganya na vilainisho ili ikunjike, na vilainisho hivyo hutoka polepole kwa joto na jua. Sisi Bukavu tuko karibu mita 1,500 juu ya usawa wa bahari, jua letu ni kali hata siku ya baridi. Salopeti inayoachwa kwenye bati au kwenye ua kutwa nzima inakuwa ngumu, na plastiki ngumu ikikunjwa inapasuka. Ya kwangu inakauka kivulini, chini ya paa, penye upepo. Naigeuza sehemu ya juu nje-ndani, najaza buti kwa magazeti makavu, nabadilisha magazeti jioni, kisha naitundika miguu juu. Wakati wa mvua inachukua hata siku mbili, nami nangoja. Unyevu wa ndani si lazima uwe tundu: PVC haipitishi hewa, kwa hiyo jasho lote linabaki humo. Lisipokauka linaleta ukungu na harufu, na kitambaa cha ndani kinaanza kubanduka.

Siikunji kamwe. Na chumba inamotundikwa hakina bidoni la mafuta wala jenereta. Petroli na mafuta ya injini vinaharibu PVC, na mpira wa asili ndio unaumia zaidi: unavimba, unalegea. Cheche za mota za umeme nazo zinatoa ozoni, gesi inayopasua mpira uliovutwa au kukunjwa. Dawa ya mbu yenye DEET pia inayeyusha baadhi ya plastiki. Nikijipaka, nanawa viganja kabla ya kuishika salopeti.

Kuziba kunategemea imetengenezwa kwa nini. Fundi wa Kadutu anayeziba mipira aliniambia mapema, kabla sijampa kazi: «Papa, hii gundi yangu haitashika. Hii si mpira.» Ni kweli. Salopeti ya mpira wa asili inakubali kiraka na gundi ya baiskeli. PVC inataka gundi ya PVC laini, ile wanayotumia kuunga bashi, yaani maturubai, za malori, na kipande cha bashi kuukuu ndicho kiraka changu. Gundi ya mabomba haifai, maana ikikauka inakuwa ngumu na kuvunjika mguu unapokunjwa. Neoprini, mpira wa viwandani ambao DuPont ya Marekani iliutengeneza mwaka 1930, ina gundi yake, na zile nyepesi za nailoni zinazopitisha hewa zinazibwa kwa gundi ya poliurethani.

Tundu nalitafuta usiku. Naingiza tochi ya simu ndani, nazima taa, nazungusha polepole. Mwanga ukitokeza, naweka alama kwa kalamu. Kisha nasafisha, nakausha kabisa, nakwangua kidogo kwa msasa, nakata kiraka cha mviringo kinachozidi tundu sentimita 2 au 3 kila upande. Pembe za kiraka cha mraba zinanyanyuka haraka. Napaka gundi pande zote mbili, nangoja iwe ya kunata, nabana, nasubiri mpaka kesho yake.

Tundu dogo si jambo la kuvumilia eti maji ni kidogo tu. Mabwawa yenye konokono yanaweza kuwa na kichocho, na vijidudu vyake vinapenya ngozi yenyewe, havihitaji kidonda. Kwangu hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuvaa salopeti, baridi inafuata nyuma.

Kijana mmoja aliniuliza kama aivae kwenye mtumbwi wa kuvua sambaza, wale samaki wadogo wa Ziwa Kivu. Nilimkataza kwa nguvu. Ziwa Kivu linafika kina cha mita 485 hivi, na sehemu nyingi unazama hatua chache tu kutoka ukingoni. Salopeti ikijaa maji, kuogelea na kupanda mtumbwini kunakuwa kugumu mno. Ni nguo ya mahali unapogusa chini, na hata hapo nafunga mkanda kiunoni juu yake, ili nikianguka maji yasiingie kwa haraka.

Kuhusu muda, anayehesabu miaka anajidanganya. Hesabu saa za kuvaliwa na njia iliyotembewa. Ya mtu anayeingia bwawani kila siku itachoka mapema kuliko yangu hata akiitunza vizuri. Ninachoangalia ni nyuma ya magoti: tundu moja linazibika, lakini mistari midogo mingi ya kupasuka ikianza kuonekana kwenye mikunjo, plastiki yenyewe imekwisha na kiraka hakitasaidia. Hapo kata kifua na mgongo, vinatoa aproni nzuri ya kusafishia samaki, na uanze kutafuta nyingine kabla ya mavuno.