Nyumba ya Tudor: maji kwanza, taa baadaye

Tangu tuanze kuikarabati nyumba ya marehemu baba huku Tudor, mtaa wa Mombasa, kila anayesikia kwamba ninapanga mfumo wa kuiendesha kwa kompyuta huniuliza nitaanza na taa zipi, nami hujibu kwamba nitaanza na pampu ya maji. Maji ya mfereji hutufikia kwa zamu, aghalabu usiku wa manane, yakajaza tangi la chini ya ardhi, na hapo lazima mtu aamke kuyapandisha kwenye tangi la juu ya paa. Akisahau kuizima pampu, maji humwagika ukutani hadi alfajiri. Akiiwasha ilhali tangi la chini ni tupu, pampu huzunguka kavu mpaka iungue. Mama ameikeshea kazi hii kwa miaka.

Kila tangi litapata kihisi cha kina cha maji, na kanuni itakuwa moja: pampu iwake tu iwapo chini yapo maji na juu pana nafasi. Hata hivyo, sitaichomeka pampu kwenye zile soketi za kisasa za ampea 10 zinazotii amri ya kompyuta. Pampu ya nguvu-farasi 1 ikishazunguka hula ampea tano hivi kwa volti 240, lakini mota inapoanza huvuta mara tano hadi saba ya kiasi hicho, na siku moja vibati vilivyomo ndani ya soketi vitagandana, pampu isizimike tena. Kwa hiyo kifaa kidogo kitatoa amri tu, na mzigo utabebwa na kontakta, yaani swichi kubwa ya sumaku. Boya la kawaida la waya, lile linalozima pampu tangi likijaa, nalo litabaki tangini, ili kompyuta ikifa maji yasifurike.

Kuhusu kompyuta yenyewe, nimekataa vifaa ambavyo amri yake husafiri hadi seva ya ng'ambo ndipo iwashe taa iliyo mita tatu kutoka ulipoketi. Kebo za intaneti za chini ya bahari za SEACOM na TEAMS zilitua Mombasa mwaka 2009, lakini hilo halinifai kitu siku waya wa kutoka mlingotini hadi kwetu unapokatwa na mtu anayepogoa mwembe. Nitatumia Home Assistant, programu huria ya kuendesha vifaa vya nyumbani iliyoanza mwaka 2013, kwenye Raspberry Pi, kompyuta ndogo itakayokaa pamoja na ruta kwenye inveta yenye betri. Vifaa vitakuwa vya Zigbee, mtandao wa redio wa vifaa vidogo vya nyumbani, au vya Matter, kiwango kilichotolewa Oktoba 2022 ili vifaa vya watengenezaji mbalimbali viweze kuelewana humo humo nyumbani.

Kuta zetu ni za mawe ya matumbawe, nene, na mawimbi ya redio huchoka upesi yakizipenya. Zigbee hulitatua hili kwa kupokezana ujumbe kifaa hadi kifaa, ila wapokezanaji ni vile vinavyokula umeme wa ukutani. Vya betri havipokezi. Umeme ukikatika, basi, kihisi cha mlango wa nyuma kinaweza kubaki kizima na kisisikike na yeyote, ndiyo maana nitaweka kipokezi kimoja ukumbini, nacho kikiwa kwenye inveta.

Kabla ya lipu kupigwa nimemwomba fundi wa umeme avute waya wa nyutro, ule wa kurudisha umeme, hadi kila kisanduku cha swichi, kwa kuwa swichi nyingi zinazotii kompyuta haziwaki bila huo. Alinitazama kwa huruma. “Mwanangu,” akasema, “swichi yataka waya wa kuingia na wa kutoka, basi.” Tulibishana, akakubali nilipojitolea kulipia waya mwenyewe.

Mama aliuliza tu kama swichi za ukutani zitabaki mahali pake, nikamhakikishia kwamba zitabaki na zitafanya kazi kwa mkono. Kamera ya barazani ameikataa katakata, kwa kuwa wanawake wa mtaani huketi pale jioni, nami nimeifuta kwenye orodha.