Mwenye Lile Shamba

Mwaka 2015, nikiwa mwaka wa tatu chuoni Mtwara mjini, nilimpelekea mhadhiri wetu wa masoko wasifu wangu autazame. Ilikuwa Jumamosi asubuhi. Ukurasa mmoja tu, na nusu yake mitupu. Penye uzoefu wa kazi niliandika: Sina.

Madam aliusoma, akavua miwani. “Kwenu wapi, mwanangu?”

“Tandahimba, Madam.”

“Msimu wa korosho ukifika, ulikuwa unafanya nini?”

Nikamweleza. Tuliokota mabibo alfajiri, tukakonyoa korosho, tukazianika, tukachambua mbovu. Baba alipozipeleka chama cha msingi, yaani ushirika wa wakulima, nilikwenda naye, kwa sababu macho yake hayakuwa mazuri: mimi ndiye niliyesoma mizani na kuandika kilo kwenye daftari. Baada ya mnada nilikagua makato, moja baada ya jingine.

“Stakabadhi ghalani inakwendaje? Nieleze kama vile sijui.”

Nikasema korosho zinapimwa na kutengwa madaraja chama cha msingi, zinakwenda ghala kuu, wanunuzi wanashindania bei mnadani, na mkulima analipwa baadaye, makato yakishatoka. Nikaongeza jinsi kule kusubiri kulivyotutesa nyumbani tangu mfumo ulipoanza mwaka 2007.

Akachukua kalamu nyekundu, akalikata lile neno Sina. “Umeshika hesabu za shamba tangu shule ya msingi, daraja la kwanza na la pili unalijua kwa kulishika mkononi, halafu unaandika huna uzoefu? Kaandike upya. Nakusubiri.”

Akanisubiri kweli. Niliandika mara nne. Nje, kwenye benchi, wenzangu watano walikuwa wakingoja zamu. Adhuhuri alitoka kwenda kuswali, akarudi, akaendelea nasi mpaka saa tisa, na kabla hatujaondoka alitusailia mmoja mmoja kama vile yeye ndiye mwajiri.

Kazi ile haikuwa kwenye ratiba. Mhadhiri hupandishwa cheo kwa tafiti na machapisho yake. Jumamosi nzima aliyoitumia na watoto wa wakulima haiandikwi popote. Jambo hili linaniuma mpaka leo, maana kazi yangu ya kwanza niliipata kwa kujibu swali lile lile la stakabadhi, mbele ya watu watatu nisiowajua.

Siku ya mahafali walitajwa wanafunzi bora. Sisi sita tulikuwa tumechanga, tukanunua doti ya kanga iliyoandikwa “Wema hauozi”. Tukamfuata Madam chini ya mwembe, wazazi wetu wakiwa nyuma yetu, na kila mmoja akasema kwa sauti alichofanyiwa. Zamu yangu ilipofika, koo lilikauka.

Baba akasogea mbele, mkononi ana mfuko wa korosho alizozikaanga mama.

“Mwalimu,” akasema, “mimi ndiye mwenye lile shamba.”

Madam akampokea kwa mikono miwili, akamwuliza mwaka huu mikorosho imezaa vipi.