Nilisomea petroli, nikaishia kwenye pumba

Mwaka 2013 ungemuuliza kijana yeyote aliyetoka PCM (fizikia, kemia na hisabati) anataka kusoma nini, angekujibu gesi. Bomba la kutoka Mtwara kuja Dar lilikuwa linajengwa, Lindi ikisubiri kiwanda chake, na redioni tulikuwa tunahesabiwa ajira kabla hata ya kupata namba za usajili. Nikajaza uhandisi wa petroli. Baba akawatangazia watu msikitini kwamba mwanawe anakwenda kuchimba mafuta.

Katikati ya 2014 pipa moja la mafuta lilipita dola 110. Januari 2016, tukiwa mwaka wa tatu, likaanguka chini ya dola 30. Asubuhi moja mwalimu wetu aliiandika bei hiyo ubaoni, akaitazama kidogo, akaifuta, akaendelea na somo.

Nikamaliza 2017. Habari za kuzungusha bahasha za kaki kuomba kazi mnazijua, siziandiki. Mjomba wangu wa Kibaigwa, mwenye mashine ya kukoboa na ya kusaga, akaniita nikamshikie daftari "wakati unasubiri ajira".

Wiki ya tatu mota ikaungua. Ya pili mwaka ule. Ilishazoeleka: inapelekwa kusukwa upya, mjomba analipa, maisha yanaendelea. Safari hii nikafungua boksi la umeme, nikakuta fyuzi moja kati ya tatu imekufa. Mota iliyo kwenye mzigo ikipoteza fezi moja, yaani njia moja kati ya tatu zinazoiletea umeme, si lazima isimame. Inaweza kuendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki, inavuta umeme kupita kiasi, inachemka hadi koili zinanuka. Hilo ni somo la mwaka wa kwanza, lile tulilolikariri ili tusishike sapu, mtihani wa marudio! Tukafunga kifaa cha kukata umeme fezi ikipotea. Mota ile bado inasaga. Siku hiyo mjomba akaanza kuniita Injinia. Kabla ya hapo nilikuwa "msomi", kwa sauti ile.

Kisha yakaja mahindi ya Juni. Wafanyabiashara hununua haraka, wanajaza lumbesa, magunia yaliyopitiliza kipimo, wanafunga, na kama hayajakauka yanaota ukungu ghalani. Nikanunua kipima unyevu, nikatangaza kwamba zaidi ya asilimia 13.5 sipokei. Mama mmoja anayepepeta pale nje akacheka. Akachukua chupa kavu, akatia mahindi na chumvi kavu, akatikisa. Chumvi ikiganda kwenye chupa, anasema, mahindi bado mabichi. Nililinganisha na kifaa changu msimu mzima: yakizidi kama asilimia 15, chupa yake inayakamata. Kati ya hapo na 13.5 chumvi hainyooshi kidole, na hapo ndipo kifaa changu kinaporudisha hela yake. Sasa hiyo ndiyo kazi yangu: napimia watu mahindi, na natunza mashine za wenye vinu, hapa na Gairo.

Wadogo zangu mlioko chuo, kwenye PT, yale mafunzo kwa vitendo, msikimbilie jina la kampuni. Mimi wiki zangu nane za mwaka wa pili nilizimaliza kwenye kiyoyozi, nikitoa fotokopi na kutunga uongo wa kujaza logibuku. Nendeni mahali mashine inaharibika kila wiki na hakuna hela ya kuita mtaalamu kutoka mjini. Na msimwite mtu fundi maiko, fundi wa kubahatisha, kabla hamjamwona akiegemeza bisibisi kwenye beringi, mpini sikioni, akawaambia ipi itakufa kesho. Usajili wa bodi ya wahandisi pia shughulikieni mapema. Mimi nilijidai sina haja nao, nikaja kuutafuta nikiwa nimechelewa.

Msimu huu nina nafasi ya wanafunzi wawili. Posho ni ndogo, mchana ni ugali, na pumba hazitoki kwenye nywele hata uoshe mara tatu.