Pasi ya Bibi na Bolti ya Chini

Umeme ulipokatika Unguja tarehe 10 Disemba 2009, tulidhani ni wa saa mbili tatu kama tulivyozoea. Ukarudi Machi. Waya unaopita chini ya bahari kutoka Bara, uliolazwa mwaka 1980, ulikuwa umeharibika pale unapotokea nchi kavu Fumba, na kisiwa kizima kikakaa giza miezi mitatu. Mjini kukawa mingurumo ya majenereta asubuhi mpaka usiku. Maji ya mfereji nayo yakawa ya kubahatisha, maana pampu hazina umeme. Duka la fotokopi nililokuwa nikifanya kazi likafungwa. Nilikuwa na miaka 19, sina kazi, na uani kwetu Mtoni, chini ya turubai, imelala Honda C70 ya marehemu baba.

Baba alikuwa mwalimu. Pikipiki ile ndiyo iliyokuwa ikimpeleka skuli na kumrejesha, na mimi nikiwa mdogo nilikuwa naitambua sauti yake tangu inapoacha barabara ya Bububu na kuingia kichochoroni kwetu. Tangu afariki hakuna aliyeiwasha. Kwetu bahari iko karibu, na kile kilichokaa nje hakisalimiki na chumvi. Skrubu ya chuma ikifungwa ndani ya alumini, kisha ikapigwa na hewa ya bahari mwaka hadi mwaka, baina yao huota unga mweupe unaozishika kama saruji. Kava za injini zilikuwa na unga ule kila pembe.

Nilimfuata Ami, mdogo wake baba, ambaye ni fundi Jang'ombe, nikamwambia nataka tuifungue pikipiki ile na kuishusha injini. Alinisikiliza akanywa kahawa yake mpaka mwisho. Akaniambia, "Ukinisikiliza, naja kila baada ya alasiri. Ukijifanya fundi, siji."

Akaja. Kwanza alimwaga oili, kwa sababu kava ya kulia, upande wa klachi, ndiyo inayozuia oili isimwagike. Ukiifungua kabla, unaioga. Bolti ya chini ya tumbo la injini, spana namba 17. Oili ilitoka nyeusi, nzito, mithili ya halua isiyoshika. Ngao za miguu, ekzosi, kabureta, mnyororo, lile chuma la kuwekea miguu, vyote vikatoka siku ya kwanza bila ya maneno.

Siku ya pili tukaingia kwenye kava. Ami alichukua boksi la sabuni, akachora juu yake umbo la kava, akatoboa matundu kwa msumari, kila tundu mahali pake. "Kila skrubu ukiitoa, ichomeke humu." Zile skrubu ukizitazama kwa juu ni sawa, lakini kimo chake si kimoja, na ndefu ukiirejesha mahali pa fupi inagota chini kabla ya kukaza, na ukiendelea kulazimisha unaipasua alumini. Boksi lile ninalo mpaka leo, limeroa oili, na miandiko yake ya penseli bado inasomeka.

Halafu akanivuta karibu na kunionesha kichwa cha skrubu moja. Pembeni ya ule msalaba mna kinukta kidogo kimedidimia, si kikubwa kuliko punje ya mtama. "Hii ya Kijapani," akasema. Msalaba wake si sawasawa na wa bisibisi ya nyota ya dukani. Bisibisi ya kawaida haikai mpaka chini, na unapokaza mkono inapanda juu na kukitafuna kichwa. Yake alikuwa ameisaga ncha kidogo tu, ikaingia na kutulia. Na hakuzungusha kwanza. Aliweka bisibisi wima, akaigonga kisogo kwa nyundo mara mbili, kavu, kisha ndipo akazungusha. Kule kugonga kunavunja unga ndani ya uzi. Skrubu zikaanza kulia, moja baada ya moja, kri, kri, na mimi nikizichomeka kwenye boksi.

Moja ya chini, upande wa mbele, ikagoma. Mafuta ya taa tuliyoitia tangu jana hayakusaidia. Fundi mwengine angekimbilia drili, na drili yenyewe haina umeme. Ami akasimama akafikiri, akaingia ndani kwa bibi, akatoka na pasi ya mkaa.

Siku zile pasi za mkaa zilikuwa zimerudi kazini kila nyumba, hata zilizokuwa zimetupwa stoo. Ami akaifuta kava vizuri kwa kitambaa kikavu, isibakie hata tone la mafuta ya taa, kisha akaigandamiza pasi juu ya ile pembe, na mimi nikapepea mkaa. Alumini ikipata moto hutanuka zaidi kuliko chuma, kwa hiyo tundu linampa skrubu nafasi. Tulikaa hivyo muda mrefu, jasho linatutoka, kaskazi inavuma lakini haifiki uani. Alipoiondoa pasi na kutia bisibisi, ilizunguka kama imefungwa jana. Bibi alitaka pasi yake irudi imesuguliwa kwa jivu na kumbi, na nilisugua.

Yaliyobaki ni bolti mbili zinazoishika injini kwenye fremu, ya juu na ya chini, kwa nyuma. Ya juu ikatoka mara moja. Injini ikainama, pua chini. Adhana ya magharibi ikalia. Ami akanawa, akaniambia, "Ningoje," akaenda msikitini.

Sikumngoja. Nilitaka akirudi aikute injini iko chini. Nilifungua nati ya bolti ya chini, nikachukua nyundo, nikapiga ule mwisho wenye uzi. Haikutoka. Nikapiga tena kwa nguvu zaidi, tena, mpaka ncha ya bolti ikafura kama uyoga na uzi ukalala. Hapo nikajua nimeharibu, kwa sababu kilichofura hakipiti tena tunduni.

Ami aliporudi aliinamisha kandili, akaipitisha dole gumba juu ya ile ncha.

"Umeipiga?"

"Nimeipiga, Ami."

Hakunigombeza. Aliniambia nikalete tupa. Mashine ya kusaga ingeimaliza dakika moja, lakini umeme wapi. Nilipiga tupa mpaka baada ya isha, yeye ananishikia kandili, tukibadilishana mkono, vumbi la chuma linang'ara kwenye mwanga. Hakuna kazi iliyowahi kuniuma moyo kama ile, kwa sababu kila nikitazama nilimwona yule mwenye pikipiki akiifunga bolti ile kwa mikono yake.

Tulipomaliza, Ami akatia ubao chini ya injini, akaweka tofali chini ya ubao. "Injini imeikalia bolti. Kanyaga. Polepole. Zidisha. Basi, ishike hapo hapo." Nikakanyaga upande wangu, injini ikanyanyuka kwa unene wa ukucha. Ami akaishika bolti kwa kichwa, akaizungusha kidogo, kisha akaisukuma kwa kidole kimoja. Ikateleza mpaka nje.

Tuliishusha injini juu ya gunia, tukalishika gunia huku na huku, tukaiingiza ndani na kuiweka chini ya dirisha la chumba cha baba. Nilipotoka tena uani kuifunika fremu, niliishika kwa nyuma, nikainyanyua kwa mkono mmoja.