Kabla ya kulipa dhamana ya chumba Vietnam, jua uko kata gani

Tangazo la chumba jijini Hồ Chí Minh (Saigon) likikuambia "Quận 1" (Wilaya ya 1) au "Thảo Điền", hayo ni majina ya mazoea. Tangu tarehe 1 Julai 2025 Vietnam haina wilaya. Mikoa 63 imeunganishwa ikabaki 34, na kata zilizokuwa zaidi ya 10,000 zimebaki 3,321. Jiji la Hồ Chí Minh limemeza Bình Dương na Bà Rịa–Vũng Tàu, kwa hiyo hata anayekaa ufukweni Vũng Tàu siku hizi ni mtu wa jiji. Quận 1 imegawanywa kata nne, zikiwemo Sài Gòn na Bến Thành. Thảo Điền imeingia kata ya An Khánh. Mageuzi haya ni ya Tô Lâm, Katibu Mkuu wa Chama cha Kikomunisti tangu Agosti 2024. Chama ni kimoja, hakuna wa kupinga: suala la kufuta wilaya lilianza kuzungumzwa Februari 2025, na kufika katikati ya Juni katiba ilikuwa imeshabadilishwa.

Kwako wewe mpangaji, maana yake ni kwamba uandikishaji wa makazi uko kwa polisi wa kata, na jina la kata likikosewa kwenye mkataba, karatasi zote zinazofuata zinagoma.

Sheria inataka kila mgeni aandikishwe mahali anapolala ndani ya saa 12 tangu afike, au saa 24 kwa maeneo ya mbali. Wa kuandikisha ni mwenye nyumba. Hotelini kazi hiyo wanaifanya wenyewe, ndiyo maana wanashika pasipoti yako mapokezi. Kasheshe iko kwenye vyumba vya kupanga. Wapo wenye nyumba wanaokwepa kwa sababu ya kodi ya pango, na wapo waliokatakata nyumba vyumba kupita kibali chao. Hao wamekuwa waoga zaidi tangu moto wa Septemba 2023 Hanoi, uliochoma jengo la vyumba vidogo na kuua watu 56. Kwa hiyo swali la kwanza, kabla hujatoa hata dong moja, ni "utaniandikisha polisi?" Akianza kuzungukazunguka, tafuta kwingine, hata kama bei ni nzuri. Bila uthibitisho wa kuandikishwa, kadi ya ukaazi huipati, na benki au leseni ya udereva inaweza kukwama hapohapo.

Mpe mwenye nyumba picha ya ukurasa wa pasipoti wenye sura yako, viza, na ukurasa wenye muhuri wa kuingia. Majina yaandikwe kama yalivyo kwenye pasipoti, yote, kwa mpangilio uleule. Sisi wenye majina matatu ndio tunaoumia: viza ina mawili, mkataba una matatu, mfumo unaona watu wawili. Kisha mwambie akuonyeshe uthibitisho, upige picha. Viza ikibadilika, pasipoti ikiwa mpya, au ukitoka nchini ukarudi, mkumbushe aandikishe tena.

Anwani yenyewe inasomeka hivi. Namba 45/12/7 kule Saigon ni nyumba ya 7, ndani ya kichochoro cha 12, kinachochepuka kutoka kichochoro cha 45 cha barabara iliyotajwa. Hanoi huanza na nyumba na kutoka nje: nyumba 7, ngách (kichochoro cha ndani) 12, ngõ (kichochoro) 45, halafu mtaa. Ukiruka mkwaju (/) mmoja, dereva wa pikipiki atakuacha mbele ya mlango wa mtu mwingine kabisa. Na pima upana kwa macho kabla ya kusaini, kwani vichochoro vingi vinapitisha pikipiki tu, na friji itaingia kwa kusukumwa.

Barua na hati zenye anwani ya zamani bado zinafaa mpaka muda wake uishe, usikimbilie kubadilisha. Mkataba mpya tu ndio uandike kata mpya, na ukipenda weka jina la zamani kwenye mabano, maana madereva na majirani bado wanalitumia.

Jitambulishe pia kwa tổ trưởng, kiongozi wa kikundi cha kaya mtaani. Mtanzania atamwelewa haraka: ni balozi wa nyumba kumi, ila huyu kaya zake ni nyingi zaidi. Ndiye anayejua nani kahamia wapi, na polisi wa kata wakitaka kukuuliza jambo, mara nyingi huanzia kwake.

Mwenye kadi ya ukaazi anaweza pia kupata utambulisho wa kidijitali wa ngazi ya 2 kwenye VNeID, programu ya simu ya Wizara ya Usalama wa Umma. Wageni walifunguliwa mlango huo Julai 2025. Nenda na pasipoti na kadi yenyewe, watachukua picha na alama za vidole.