Nilivyojifunza Python kwa kuhesabu mizani

Kila niliyemuuliza namna ya kujifunza Python, lugha ya kuandikia programu za kompyuta, aliniambia hivyo hivyo: kariri amri kwanza, mazoezi baadaye. Ushauri huo ulinipotezea muda mwingi. Mimi ni mwalimu wa Kiswahili, madaftari ya mashairi hayaishi mezani kwangu, na kilichonifungua macho ni kazi yangu mwenyewe ya kuhesabu mizani, yaani silabi za mshororo.

Shairi la kimapokeo aghalabu lina mizani 16 kwa mshororo, 8 ukwapi (kipande cha kwanza) na 8 utao (cha pili). Kwa Python neno ni stringi, yaani mfuatano wa herufi, mshororo ni orodha ya maneno, na kuhesabu ni kupita herufi moja baada ya nyingine. Kitanzi, yaani amri inayojirudia, ndicho hicho. Natumia simu tu, kwa bando la buku buku.

Silabi zetu karibu zote huishia na irabu, kwa hiyo mtu huona kuhesabu irabu kunatosha. Chukueni mshororo huu niliotunga wa kufanyia majaribio: "Mtoto shika kalamu, usome hadi ufuzu". Irabu ni 15, mizani ni 16. Iliyopungua ni ile m ya "mtoto", ambayo ni silabi peke yake. Nikaikamata hivi:

def silabi(neno):
    neno = neno.lower()
    jumla = 0
    for i in range(len(neno)):
        if neno[i] in "aeiou":
            jumla += 1
        elif neno[i] == "m" and neno[i+1:i+2] not in "aeioubvw":
            jumla += 1
    return jumla

Hiyo [i+1:i+2], inayochungulia herufi inayofuata, naipenda mno. Ukiweka [i+1] peke yake, neno linaloishia na m, kama Salim, linaiangusha programu, maana mbele ya m hakuna herufi tena. Kipande cha [i+1:i+2] hakigombi: kinaleta stringi tupu, na kwa Python stringi tupu imo ndani ya kila stringi, basi sharti halitimii na kitanzi kinasonga. Sharti la n ya "nchi" na "nne" niliongeza baadaye.

Na jamani, msiweke print mahali pa return. Print inaonyesha jibu kwenye kioo, basi. Return inakukabidhi namba ukaijumlishe. Bila hiyo nisingeweza kukata mshororo kwa split(","), kila kipande nikakikata tena kwa split(), kisha nikajumlisha ukwapi na utao mbalimbali.

Kuna pahali tahajia haisaidii. "Mtu mbaya" ni m-ba-ya, silabi tatu. "Nyumba mbaya" ni mba-ya, mbili. Herufi ni zile zile. Kwa hiyo maneno yenye mb na mv programu inayatia kwa append kwenye orodha ya kando, nami nayasoma darasani kwa sauti, wanafunzi wanapiga makofi kila silabi hadi tukubaliane.